Nilivyozisindikiza sindano za mama hadi Asakusa

Mwezi wa pili Tokyo kuna baridi ya kuuma masikio. Nilishuka kituo cha Asakusa asubuhi ya tarehe 8 Februari pamoja na mwenyeji wangu, dada mmoja wa Pangani anayefanya kazi huko, tukafuata umati hadi lango la Kaminarimon lenye ile taa nyekundu ya karatasi, urefu wake karibu mita 4 na uzito wa kilo 700 hivi. Watu walikuwa wakipigana picha chini yake. Sisi tulipita moja kwa moja. Mfukoni mwa koti nilikuwa nimeshikilia kikopo cha bati cha hamira, na ndani yake sindano za cherehani za marehemu mama: zilizokatika ncha, zilizopinda, na nyingine zilizoota kutu hadi zikagandana.

Mama alikuwa fundi cherehani Tanga, barazani kwetu, maisha yake yote niliyoyajua mimi. Sindano ikivunjika hakuitupa jalalani, maana watoto wa mtaa walicheza pale pekupeku. Aliitia kwenye kikopo. Baada ya arobaini tuligawa nguo zake kama desturi ilivyo. Kanga zilikwenda kwa mashangazi, mabaibui kwa majirani, viatu kwa binti aliyelingana naye mguu. Kila kitu kilipata mtu. Kikopo kile hakikupata, kwa sababu sindano mbovu utampa nani? Kikaja kukaa kabatini kwangu Dar es Salaam, na kila nikifanya usafi nilikishika, nikakitikisa, nikakirudisha.

Njia ya Kijapani ya kupunguza vitu nilikuwa nimeisikia kama wengi wetu, kupitia kwa Marie Kondo, yule Mjapani anayeandika vitabu vya kupanga nyumba. Unaanza na nguo, kisha vitabu, karatasi, vikorokoro vya nyumba, na mwisho kabisa vitu vya kumbukumbu, kwa kuwa ndivyo vigumu. Kila kimoja unakishika mkononi. Kisichokupa furaha tena unakishukuru, unakiacha kiende. Nguo zangu nilizipunguza vizuri, vitabu pia. Lakini hizi zilikuwa sindano za mama, na neno "kiende" lilinikwaza. Ziende wapi? Nilipomlalamikia dada yule kwenye simu, alinijibu bila kufikiri: "Njoo Februari. Huku sindano zina siku yao."

Siku hiyo inaitwa hari-kuyo, ibada ya kuziaga sindano. Tokyo na upande wa mashariki huifanya tarehe 8 Februari. Kyoto na maeneo jirani wengi huifanya tarehe 8 Desemba. Kwa desturi mafundi hawashoni siku hiyo. Wanaleta sindano zilizochoka au kuvunjika mwaka mzima na kuzichomeka kwenye tofu, au kwingine kwenye konyaku, lile donge laini linalotengenezwa kwa kiazi. Sindano iliyoteswa na vitambaa vigumu maisha yake yote inastahili kupumzika mahali laini. Aliponieleza hivyo sikuuliza swali la pili.

Hekalu la Senso-ji ni kubwa na lina kelele za soko, hasa ukipita barabara ya Nakamise yenye maduka pande zote. Jengo kuu liliungua kwa mabomu Machi 1945, na hili la sasa lilikamilika mwaka 1958, kwa hiyo mtaa ule unajua kupoteza kila kitu kwa usiku mmoja. Tulikokwenda sisi ni pembeni, kwenye jengo dogo liitwalo Awashima-do. Humo watawa wa Kibuddha walikuwa wakisoma sala kwa sauti nzito, na mbele palikuwa na donge kubwa jeupe la tofu ambalo tayari lilikuwa limejaa sindano, baadhi zikiwa na vichwa vya rangi: nyekundu, njano, kijani. Karibu wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanawake, wengi wamevaa kimono, na wasichana wachache ambao dada aliniambia ni wanafunzi wa ushonaji.

Mimi ni Mwislamu na sikwenda kuabudu. Nilimsomea mama Fatiha kimoyomoyo, nikafungua kikopo. Zilizogandana ilibidi nizitenganishe kwa kucha. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliziona, akasema kitu.

"Anauliza, mwenye nazo alikuwa akishona nini," dada akanitafsiria.

"Mwambie sare za shule. Magauni pia, lakini zaidi sare."

Bibi alitikisa kichwa taratibu, akaongea tena. "Anasema kitambaa cha sare kinazimaliza sindano." Kisha akasogea nusu hatua kunipa nafasi na mwanga.

Nilichomeka ya kwanza, ile iliyokatika ncha. Iliingia bila kusukumwa. Nilikuwa nimemzoea mama akiinamia mashine, akizungusha gurudumu kwa mkono ili sindano ipenye penye pindo nene la sketi, na hapa sindano ileile ilizama kwa ncha ya kidole tu. Nililia, na hakuna aliyenitazama vibaya. Nilichomeka zote, moja baada ya nyingine, hadi kikopo kikawa na vumbi la kutu peke yake. Kikopo chenyewe nilikitupa jioni kwenye pipa la makopo bila kusita. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Kutupa Japani kwenyewe ni shughuli. Nje ya jengo la mwenyeji wangu palikuwa na kiti cha mbao kimebandikwa karatasi yenye namba. Kitu kikubwa huwezi kukiacha tu barabarani: unaomba miadi kwa halmashauri ya mtaa, unanunua stika ya malipo dukani, unaibandika, na unakitoa siku uliyopangiwa. Televisheni, jokofu, mashine ya kufulia na kiyoyozi vina njia yake tangu sheria iliyoanza kutumika mwaka 2001, na mwenye nacho ndiye anayelipia urejelezaji. "Ndiyo maana nikitaka kununua meza nafikiria na siku ya kuitoa," dada aliniambia. Nadhani nusu ya unadhifu tunaousifia unatoka hapo, kwenye gharama ya kuaga, wala si kwenye kukunja nguo vizuri. Na hofu ya kutupa ovyo ni ya zamani. Wajapani wana ngano ya vyombo vya nyumbani vilivyotupwa wakati wa usafi wa mwisho wa mwaka baada ya utumishi mrefu. Vikakasirika, vikapata roho, vikarudi kulipiza kisasi kwa wenye nyumba.

Imani ya Awashima, mungu anayeaminiwa kuwalinda wanawake na ambaye lile jengo dogo la Asakusa lina jina lake, asili yake ni Kada, kijiji cha wavuvi katika mkoa wa Wakayama, na nilitaka kupaona. Treni ya mwendo kasi ilinifikisha Osaka kwa saa mbili na nusu hivi, kisha kutoka kituo kiitwacho Namba, mle mle Osaka, karibu saa moja hadi Wakayama, kisha reli ndogo inayoishia karibu na bahari. Hekalu la Awashima, la Kishinto, yaani dini ya asili ya Wajapani, limejaa wanasesere walioletwa na watu wasioweza kuwatupa. Hukadiriwa kuwa 20,000, wamepangwa kwa aina: mabibi na mabwana wa kifalme wenye nyuso nyeupe, paka walioinua mkono, vinyago, wanyama wa kauri. Koo kubwa nazo zilileta. Familia ya Tokugawa wa Kishu, watawala wa zamani wa eneo hilo, walikuwa wakitoa wanasesere hapo wanapozaliwa mabinti zao. Tarehe 3 Machi kila mwaka, saa sita mchana, baadhi hupakiwa kwenye mashua tatu za mbao nyeupe, wanawake wakiwabeba hadi ufukweni, na mashua zinasukumwa majini.

Wageni wengi husema pale panatisha. Mimi sikuogopa. Nilisimama mbele ya mwanasesere mmoja wa kitambaa ambaye shingo yake ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi wa bluu usiofanana na ngozi yake, mishono mikubwa, isiyo ya fundi. Mtu alimtengeneza usiku fulani ili mtoto alale. Kumtia kwenye mfuko wa taka kungekuwa ukatili kwa yule aliyeshona.

Hata hivyo, sikukubaliana na kila nilichokiona. Kulikuwa na wanasesere wazima kabisa, hawana hata doa, wangeweza kuchezewa na mtoto mwingine kesho. Wenyeji wengine huona si vyema kumpa mtu mwanasesere wa binti yako, maana amebeba bahati na mikosi yake. Naheshimu. Lakini mgawo wetu baada ya arobaini nauona bora kwa kitu kizima: kanga ya mama niliyoiona kwa shangazi jikoni haijanihuzunisha hata mara moja. Kilichochoka kiagwe, kizima kiendelee na kazi.

Nikiwa kituoni Kada nasubiri treni ya kurudi nilimpigia kaka Tanga, kwa sababu yeye ndiye anayekaa na cherehani ya mama, Butterfly nyeusi, imefunikwa shuka sebuleni.

"Unataka tuiuze?" akauliza.

"Hapana, kaka. Nataka ipate mguu wa kuikanyaga. Yule binti aliyejifunza kwa mama, bado anashonea mashine ya kuazima?"

"Bado. Yuko pale sokoni. Lakini mkanda umekatika, na pedeli inalia."

"Pedeli tia mafuta. Mkanda nanunua mimi, nitumie urefu wake."

Akakaa kimya kidogo, kisha akasema atamwita Ijumaa, baada ya swala, aje na mkokoteni.