Mwendo wa Saa Nne Hadi Kambi ya Mackinder

Wakala aliyetuuzia safari ya Mlima Kenya alisema kutoka Met Station, kambi ya chini kwenye njia ya Naro Moru, hadi kambi ya Mackinder ni mwendo wa saa nne. Kwa kutegemea hesabu hiyo gari lake likachelewa kutuchukua, tukaanza kupanda saa tano asubuhi. Tulifika saa moja usiku, tumelowa chapachapa.

Hesabu yenyewe ina asili yake. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: takriban saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Met Station iko kwenye mita 3,050, kambi iko karibu mita 4,200, na njia ni kama kilomita kumi. Piga hesabu, utapata saa nne. Ila hiyo ni ya mtu mwepesi kwenye njia nzuri. Sisi tulikuwa tunakwenda kukwea miamba ya Nelion, kilele cha pili kwa urefu cha Mlima Kenya, tumebeba kamba, karabina (pete za chuma za kufungia kamba), helmeti na chakula, mahali ambapo hewa yenyewe haikutoshi.

Kabla hatujaondoka, mzee mmoja kati ya wapagazi aliunyanyua mkoba wangu kwa mkono mmoja, akaushusha, akatazama mawingu. "Mwanangu, leo tutafika usiku. Afadhali tulale hapa." Kiongozi aliyetumwa na wakala akakataa: kambi imeshalipiwa, twende.

Msitu ulipoisha tukaingia kwenye kinamasi kinachopanda mlima, ambacho kwa Kiingereza huitwa Vertical Bog. Nyasi humo zimeota mafungumafungu, na katikati ya fungu na fungu ni maji meusi. Ukikanyaga fungu, linayumba. Ukikanyaga pembeni, unazama hadi goti, na mkoba unakuvuta nyuma. Mvua ya mawe ikatukuta humo humo. Kamba ikanywa maji, mzigo ukazidi kuwa mzito. Mzee alikuwa akinionyesha kwa fimbo fungu la kukanyaga, moja baada ya jingine, na kila nilipouliza bado muda gani alijibu kwa alama: mpaka ukingo ule, mpaka ule mmea mrefu wa lobelia. Hakunidanganya hata mara moja.

Nikawakumbuka wazee wa kwetu Wundanyi. Ukiwauliza kilima cha Vuria ni mbali kiasi gani, kwanza watakuuliza unatoka saa ngapi na umebeba nini. Nilipokuwa mdogo niliona wananikwepa.

Kambini chai ilikuwa ghali na magodoro yalikuwa na unyevu. Kesho yake hatukuweza kuendelea. Tulishinda tukianika kamba juu ya mawe. Kutoka hapo hadi kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, tulimfuata mzee kwa saa zake, tukafika mchana kweupe. Ni yeye pia aliyetuhimiza tuondoke saa kumi alfajiri kwenda chini ya Nelion, kwa sababu vitabu vya zamani vinahesabu muda wa kuvuka barafu ya Lewis ilipokuwa pana, na sasa imerudi nyuma ikaacha kokoto zinazoteleza. Akatuagiza tukiona saa sita imefika tugeuke popote tulipo, maana kushuka kwa kamba kunakula saa nyingi kama kupanda, na huku karibu na ikweta giza halingoji. Tulifika kileleni saa tano na nusu. Miale ya mwisho ya jua ilikuwa bado ipo tuliporudi chini ya miamba na kuvua helmeti.

Kule chini wakala alitudai pesa za usiku wa ziada. Safari fupi ndiyo inayouzika, kwa hiyo hupunguza saa kwenye karatasi, kisha siku inapoongezeka anayelipa ada ya hifadhi na malazi ni mgeni. Ujira wa mzee wa siku ile ya ziada wakala hakutaka hata kuutaja. Tuliulipa wenyewe, mkononi mwake, na nikachukua namba yake ya simu. Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, nitaipanga naye, kuanzia saa ya kutoka getini.