Usiguse

"Baba, hili ni tui?"

Ni mwanangu wa mwisho, yule aliyeniuliza kama bahari ya Bagamoyo hufungwa usiku. Safari hii alikuwa amepiga magoti jikoni, kucha yake juu ya doa jeupe kwenye mguu wa mbuzi. Mbuzi ya nazi, si wa maziwa. Kwetu siku hizi nazi inasagwa kwa blenda, na mbuzi imebaki kigoda cha mtu anayesubiri chai ichemke. Nikamwambia si tui, ni rangi. Nani kaipaka? Mimi. Kwa nini? Hapo nikakumbuka kwamba nina shughuli uani.

Doa lile ni la mwaka 2011, mwaka wa mgao wa umeme, kama kuna aliyeusahau. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kuwachorea watalii twiga. Mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, kwa hiyo watu wake hawamshangai mtu anayepiga ngoma saa sita mchana au anayetembea na mguu wa meza akiuita mtu. Ila walinishangaa mimi kwa kuchora ndoo. Ndoo, kandambili, birika lililopinda mdomo, jiko la mkaa. Mgeni anashuka kwenye gari anataka tembo, au Wamasai watatu wembamba mbele ya jua linalozama. Sina ugomvi na Tingatinga mwenyewe, mchoraji aliyeanza na vipande vya ubao na rangi ya kupakia baiskeli, akafariki 1972 bila kujua jina lake litauza nini. Ugomvi wangu ni na twiga wa haraka haraka. Mwalimu wangu alikuwa amenionyesha, kwenye kitabu kilichotoka gamba, picha ya Chardin, mchoraji Mfaransa aliyekufa 1779: tangi la shaba la maji ya jikoni, limesimama kwenye miguu ya mbao, na ndoo hapo chini. Basi. Hakuna mfalme, hakuna malaika. Nikasema, mbona hili ni pipa la Bibi?

Ndivyo nilivyokwenda kumwazima Bibi mbuzi yake. Nilimwambia wiki moja. Zikawa sita.

Nilichonga mfano wake kwa mti wa mwembe, maana bei ya mninga ilikuwa si ya saizi yangu. Kila kitu mbao, hata ule ulimi ambao kwa Bibi ni wa chuma. Meno yake niliyatoa moja moja kwa tupa ndogo, na mawili yalivunjika nikayagundisha. Kazi ya tezo na patasi ilikwenda upesi. Kilichonikalisha ni makalio. Kile kibao kilikuwa kimelika, na hakikulika sawasawa. Bibi alikuwa akikaa kiupande, miguu yote kushoto, kanga imebanwa magotini, kwa hiyo bonde la upande mmoja lilikuwa limeingia zaidi ya la pili. Miaka yake arobaini ya kukaa pale niliitengeneza kwa msasa kwa alasiri mbili, na nilijiona fundi sana.

Halafu rangi. Anayedhani kutu ni rangi moja hajawahi kuichora. Shingoni mwa ule ulimi ni nyeusi iliyochanganyika na udongo mwekundu. Ikishuka inakuwa ya chungwa lililooza. Karibu na meno, pale nazi inaposugua kila siku, hakuna kutu kabisa, kuna mng'ao wa kibuluu. Mng'ao huo ulihitaji nyeupe, na tone moja la nyeupe ile liliruka likatua kwenye mguu wa mbuzi ya kweli, iliyokuwa imekaa mbele yangu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nikasema nitalifuta baadaye.

Jambo jingine la kujua: rangi ya mafuta haikauki kama chokaa ya ukutani. Haingoji maji yapae, inavuta hewa na kuganda polepole, na ukiipaka nene inaweza kukaa wiki kadhaa ikiwa bado mbichi kwa ndani. Nilijua hilo. Mkono wa mwisho niliupaka Jumatatu. Maonyesho yalikuwa Ijumaa.

Yalifanyika kwenye ukumbi wa nyumba moja kuukuu ya mji mkongwe, ile mitaa ya milango ya nakshi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, jenereta ilikuwa ya jirani, na jirani alikuwa msibani. Tukafungua madirisha yote, tukaomba Mungu jua lisiwahi kushuka. Walikuja watu kama thelathini, wageni kwa wenyeji. Mmoja wa wageni alikuwa ameshalipia mbuzi yangu ya mbao kabla hata sijamaliza kuipanga, ataondoka nayo Jumapili. Nilikuwa natembea kama bwana harusi.

Bibi alikuja baada ya alasiri, kwa miguu kutoka Magomeni ya hapa hapa mjini, na kanga zake mpya. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kuzunguka. Ndoo aliitazama. Kandambili alizicheka. Mimi nikarudi kwa yule mgeni kumweleza habari za kutu.

Nilisikia sauti yake kwanza. "Alaa! Kumbe iko huku."

Mwanga ulikuwa umefifia kiasi cha kudanganya. Alikuwa ameshainama. Mkono mmoja chini ya kibao, mwingine ameukamata ulimi pale shingoni, hivyo hivyo mtu anavyoibeba mbuzi kuitoa uani mvua ikianza. Anaondoka na mbuzi yake.

"Bibi, usiguse!"

Sikusema kwa upole. Nilisema kwa sauti ile ambayo yeye alikuwa akinisemea mimi nikiwa mdogo, nikiyasogelea yale meno kwa kidole. Ukumbi mzima uligeuka. Na yeye bado ameiinua, hajaiweka, uso wake umebadilika, lakini si kwa sababu yangu. Alikuwa anaipima uzito.

"Mbona nyepesi?" akauliza. "Umeitoa nini?"

Sikupata jibu. Nilikuwa naangalia vidole vyake tu. Akaviangalia na yeye, akaona udongo mwekundu umemjaa kiganjani. Akaishusha taratibu mno, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, akaingiza mkono wenye rangi ndani ya kanga ili watu wasiuone. Ile kanga mpya.

"Samahani, fundi," akasema.

Mimi kwa Bibi ni "mume wangu" tangu siku niliyozaliwa. Hata akinichapa alikuwa anamchapa mume wake. Fundi ni yule anayekuja kuziba paa.

Nikamtoa uani. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikawa namfuta kidole kimoja kimoja, naye amenipa mkono kama mtu anayepakwa hina. Kwenye dole gumba ana kovu refu, wakunaji wa nazi wengi wanalo. Rangi ilikuwa imeingia humo kwenye kovu, na humo haikutoka.

"Sasa yangu iko wapi?"

"Ipo nyumbani, Bibi. Chini ya meza."

"Maana nakunia kwa mama wa mlango wa pili. Hana neno, lakini Ramadhani hiyo inaingia, na yeye atakuwa anaitaka."

Wiki sita. Kila siku alibeba nazi na sinia akavuka uchochoro kwenda kuomba mbuzi ya watu, na kila nilipopita kumsalimia nilikuta wali wa nazi uko tayari, nikala, nikamweleza kazi inavyoendelea.

"Na hiyo ya uongo unaiuza?"

"Imeshanunuliwa."

"Shingapi?"

Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, anapiga hesabu.

"Hiyo ni mbuzi ngapi?"

"Za nazi au wa nyama?"

Akacheka. Mpaka leo sijui alikuwa anawahesabu wepi.

Yake niliipeleka kesho yake alfajiri, na doa lake, maana nilisahau kulifuta. Hakulisemea. Bila shaka aliendelea kuniita mume wangu, miaka yote mpaka alipotutoka. Lazima aliniita hivyo mara elfu. Ila nikimkumbuka, linaloanza kuja ni hilo la fundi, na sijui kwa nini kichwa kinachagua hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Usiku ule wa Ijumaa, wote walipoondoka, niliwasha mishumaa miwili nikaitazama ile mbuzi ya mbao. Shingoni kulikuwa na alama za vidole vinne na dole gumba moja, zimechapika kwenye rangi vizuri kabisa, hata mstari wa lile kovu ulionekana. Nikachukua brashi namba 2 nikazifuta zote. Mteja alikuwa ameshalipa.

Bado nachora vyombo. Na bado, kila maonyesho, nabandika karatasi ya TAFADHALI USIGUSE, maana rangi ya mafuta ni ile ile, na watu wana mikono.

Niliporudi kutoka uani, ambako sikuwa na shughuli yoyote, nilimkuta mwanangu bado yuko pale pale, amelala kifudifudi, ulimi nje.

"Kweli, Baba," akasema. "Si tui."