Kiyoyozi Kilichopuliza Hewa ya Vuguvugu: Jinsi Nilivyotatua

Mwezi Februari, joto la Dar es Salaam likiwa limepamba moto, kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kilichomo chumbani kwa mama kilianza kupuliza hewa isiyo na ubaridi wowote. Fundi wa kwanza, bila kufungua chochote, alisema gesi imekwisha. Nilikataa kuijaza, kwa sababu gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua, pana mahali inapovuja, na kuongeza nyingine bila kupaziba ni kupoteza fedha.

Machujio yalikuwa safi na rimoti ilikuwa kwenye nyuzi 24. Nikatoka nje, kwenye kipande cha kiyoyozi kilichofungwa huko. Feni ilizunguka vizuri, lakini kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ili ubaridi upatikane, ilinguruma sekunde chache tu, ikakatika, kisha ikajaribu tena baada ya dakika kadhaa.

Tulizima umeme kwenye swichi kuu, mimi na jirani yangu aliye fundi umeme, tukafungua kifuniko. Kapasita, yaani kile kikopo kinachoisaidia kompresa kuanza kuzunguka, ilikuwa imevimba juu kama kopo la chakula kilichoharibika. Kwa kuwa kapasita huweza kubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, jirani aliitoa chaji kwanza, ndipo akaipima: mikrofaradi 9 (kipimo cha uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji), badala ya 35 zilizoandikwa ubavuni. Nilinunua kapasita nyingine Kariakoo, ya mikrofaradi 35 na volti 450 zilezile, naye akarudisha kila waya mahali pake kwa kufuata picha niliyokuwa nimepiga.

Baada ya dakika kumi, valvu ya bomba nene ilikuwa inatoka jasho la baridi, na mama akaomba shuka.