Baraza ya mama imetiwa vioo

Jamani kusi limeingia na mwaka huu sisi tumejipanga. Mtu wa Malindi anajua upepo wa mwezi wa sita na wa saba, unatoka baharini na mchanga na rasharasha ya chumvi, mvua nayo inapiga ubavuni, na ile pergola ya bustani niliyomjengea mama kwa nguzo za mbambakofi na makuti juu ikawa haikaliki miezi na miezi. Mama anapenda kukaa pale baada ya alasiri na kahawa yake chungu, sasa kusi likianza tu anahamia jikoni, roho inaniuma. Ndo nikaamua tutie vioo, pande mbili vya kusimama visivyosogea na mbele vya kusukuma kwenye reli.

Kioo cha kawaida msikubali. Kikivunjika kinatoa mapande marefu kama visu, na hapo kwetu wajukuu wanacheza mpira kutwa. Chukueni cha tempa, kile kinachochomwa moto mkali halafu kikapozwa ghafla kwa upepo, nguvu zake kama mara nne ya cha kawaida na kikivunjika kinamwagika chengachenga. Sisi tumeweka cha milimita 10. Ila kikishachomwa hakikatwi tena wala hakitobolewi, kwa hivyo vipimo viwe sawa kabla ya kuagiza.

Na hapo ndo tulipoumia. Fundi wa kwanza alipima chini tu, pale sakafuni, akaagiza Mombasa. Vioo vikaja, cha kwanza kikaingia vizuri, cha pili kufika nusu kikakwama, sukuma wapi. Nikatundika timazi, ule uzi wenye uzito chini, juu ya nguzo nikatulia mpaka uzi ukaacha kuyumba, kumbe nguzo imelala kwa ndani sentimita 2 nzima! Kile kioo mpaka leo kimeegemea ukuta wa banda la kuku. Fundi wa pili, mzee mtulivu, alipima juu, kati na chini, akashika kipimo kidogo kuliko vyote, halafu akapunguza kidogo tena kuacha nafasi ya mpira wa ukingoni, manake mbao ikinywa mvua inavimba na ikibana kioo kwenye ukingo ndo basi.

Skrubu na magurudumu ya reli ulizeni stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi) ya daraja la 316, ile ya 304 karibu na bahari inapata madoa ya kutu. Na reli muwe mnaimwagia maji matamu kila wiki, chumvi ikikaa pale na mchanga vigurudumu vinakwama.

Watu waliniambia mama atapikika humo, na kweli ukifunga vioo vyote jua la kaskazi mwezi wa pili halikaliki. Ndo maana vya mbele vinasukumika vyote mpaka pembeni, na chini ya makuti tumeacha uwazi wa shibiri moja hewa ya moto itoke.

Kitu ambacho sikukiwaza kabisa ni ndege. Wiki ya kwanza chozi mmoja alijigonga, nikamwokota kwenye kiganja mwepesi kama ua kavu, moyo unamdunda, nikamweka kivulini ndani ya kikapu na baada ya nusu saa akaruka. Jioni hiyohiyo tukabandika vidoa vyeupe upande wa nje ndege wakione kioo, kila sentimita 5 kidoa, mimi vya juu na mama vya chini.