Mlio wa Laini

Mwaka 2006 mjomba wangu alikuwa na steshenari ndogo Barabara ya Nane, hapa Dodoma mjini. Ndani mlikuwa na mashine moja ya fotokopi, kompyuta mbili, na simu ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa ili vumbi lisiiingie. Mchapaji nilikuwa mimi. Barua za kuomba kazi, risala za harusi, mikataba ya viwanja, yote yalipita kwenye vidole vyangu. Na kwa kuwa kompyuta moja ilikuwa imeungwa na laini ya simu, watu walikuja pia kutuma na kusomewa barua pepe.

Mmoja wao alikuwa mama muuza mlenda mkavu katika soko la Majengo. Mwanawe wa kwanza alikuwa anasoma India. Kila Ijumaa alifunga meza yake mapema, akaja kukaa kwenye benchi letu, nami nikamfungulia sanduku lake la barua na kumsomea. Hakujua kusoma, lakini masikio yake hayakupitwa na kitu. Nikiruka salamu za majirani ili tuwahi kukata simu, maana kila dakika ililipiwa, alinirudisha: "Umeruka, mwanangu. Hawezi kuandika bila kumsalimia shangazi yake."

Mwezi Juni kompyuta hiyo ikafa kwa virusi. Flopi za wateja ndizo zilizovileta. Fundi aliweka Windows upya mara tatu, akalipwa mara tatu, na kila mara virusi vilirudi kabla wiki mbili hazijaisha. Mara ya nne nikamwambia mjomba asimwite tena.

Nilikuwa na bahasha iliyokaa kabatini tangu mwanzoni mwa mwaka. Ndani yake mlikuwa na sidii za Ubuntu 5.10, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux unaokaa mahali pa Windows, toleo la Oktoba 2005. Wakati ule ukijaza jina na sanduku lako la posta, wenye mfumo huo walikutumia bure kabisa, hata gharama za posta hukulipa. Rafiki yangu aliniagizia. Neno lenyewe halikunihitaji kamusi: ubuntu ni utu. Nilipousoma mgongo wa ile bahasha nilihisi kwamba kitu hiki kimeandikwa na watu wanaotaka nikitumie, nikifungue, nikione ndani na nikimpe jirani. Sikuwahi kuhisi hivyo juu ya programu yoyote.

"Bei gani?" mjomba akauliza.

"Bure, mjomba."

"Cha bure kikiharibika nani atakuja kukitengeneza?"

"Mimi."

Akanitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye fotokopi yake. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Kuuweka ule mfumo hakukunipa taabu. Printa ilikubali, barua za zamani zilifunguka, virusi vya flopi vikawa havina pa kushika. Kilichogoma ni kimoja tu, nacho ndicho kilichokuwa kinamleta yule mama kila Ijumaa: modemu.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu wengi waliokuja baadaye wamekuta intaneti ikiwa ndani ya simu zao. Laini ya simu ilijengwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Kompyuta haina sauti, ina sifuri na moja. Modemu ndiyo iliyogeuza sifuri na moja kuwa mlio, ikautuma kwenye waya, na modemu ya upande wa pili ikaugeuza mlio kuwa sifuri na moja tena. Sasa, modemu yetu ilikuwa kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta, ya aina ile watu walioiita winimodemu. Ili iwe ya bei rahisi, watengenezaji waliiondolea akili. Kazi ya kugeuza iliachiwa prosesa ya kompyuta pamoja na programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, na maelezo ya jinsi ya kuongea na kadi hiyo hayakutolewa hadharani. Linux iliiona pale ilipo, ikanitajia hata jina la chipu yake, lakini haikuwa na lugha ya kusema nayo.

Kwa wiki mbili nilikwenda intaneti kafe kila jioni yenye umeme. Niseme jioni yenye umeme kwa sababu mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, mabwawa yalikuwa chini, Mtera pamoja nayo, na nchi nzima ilikuwa kwenye mgao. Huko kafe nilipata draiva, yaani programu ya kuongea na kadi ile, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea. Nikaichukua kwa flopi, nikaileta dukani, ikakataa: ilijengwa kwa kerneli nyingine, yaani kiini kingine cha mfumo, yangu ilikuwa 2.6.12. Nikarudi, nikapata nyingine, ikakataa vilevile. Kupata intaneti kulihitaji draiva, na kupata draiva sahihi kulihitaji nikae kwenye intaneti nikiwa na kompyuta yenyewe mbele yangu. Nilichofaidi huko ni kurasa 40 za mwongozo wa modemu, nilizozichapa kwa shilingi 100 kila ukurasa. Nilizisoma mpaka zikalegea pembeni.

Yule mama nilimpeleka kafe mara moja. Tulikaa tumebanana na vijana pande zote, nikaanza kumsomea kwa sauti ndogo. Mstari wa pili akaniwekea mkono begani. "Tufunge. Haya ni mambo ya nyumbani kwangu. Tutasoma kwenu kitakapopona." Akarudi sokoni. Ijumaa iliyofuata alikuja, akauliza, akaambiwa bado, akaondoka bila neno. Ijumaa nyingine pia. Mimi nilikuwa nikiitazama ile benchi na moyo unaniuma.

Kilichotusogeza ni mnada. Ofisi moja ilikuwa inauza vitu vyake chakavu, na kati ya viti vilivyovunjika nikaona kasha dogo lenye taa mbele: modemu ya nje, ile ya kuchomeka nyuma ya kompyuta kwenye soketi ya pini tisa. Kasha hilo lilikuwa na akili yake lenyewe. Unaliambia kwa maandishi, lifanye nini, nalo linafanya, iwe unatumia Windows au Linux au mfumo wowote. Nililinunua kwa bei ya soda chache. Kwenye Linux soketi ile inaitwa ttyS0. Nikaendesha pppconfig, programu ya kupangia simu ya intaneti, nikajaza namba ya kupiga, jina na nenosiri, nikaandika pon, amri ya kupiga. Taa ya OH ikawaka, ikimaanisha simu imeinuliwa. Ikazimika. Nikaandika plog ili nione kilichotokea, na mfumo ukaniambia wazi: NO DIALTONE.

Nilifurahi, ndiyo. Wiki zote zile sikuwahi kuambiwa kosa liko wapi. Sasa niliambiwa: kasha linasikiliza laini, na halisikii mlio. Lakini mimi nikiinua simu niliusikia.

Wakati huo ndipo aliposimama mlangoni mzee mmoja wa Chang'ombe. "Mbukwenyi!" akasalimu kama kawaida yake. Alikuja kuchapiwa barua ya kufuatilia mafao. Alikuwa fundi simu tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, enzi za kupanda nguzo, akastaafu shirika likiwa limeshagawanywa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mbona unaisikiliza simu kama inayokudai?"

Nikamweleza. Hakugusa kompyuta. Aliomba mkono wa simu, akafunga macho, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Umeme ulikuwa umekatika dakika chache kabla, nikamwambia tungoje urudi. Akatikisa kichwa. "Simu haingoji umeme wenu. Kule kwenye mtambo kuna betri, volti 48. Laini iko hai." Kisha akasema, "Kuna mchanga ndani."

Nilidhani anatania. Akanipa mkono wa simu. "Usisikilize mlio. Sikiliza nyuma ya mlio." Nikasikiliza, na kweli, kulikuwa na mchakacho mdogo, kama upepo wa Agosti ukipiga bati kwa mbali. Nilikuwa nimeitumia laini ile kwa miaka miwili na sikuwahi kuusikia.

Tukatoka nje. Chini ya paa, pale waya wa kutoka nguzoni unapokutana na waya wa ndani, kulikuwa na kiungio kilichosokotwa na kufungwa utepe, na utepe umeliwa na jua. Ndani nyaya zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Mzee alikata sehemu mbovu kwa koleo, akazikwangua mpaka shaba ikang'aa, akasokota upya, akafunga. Dakika kumi. Tulipoinua simu tena, nyuma ya mlio palikuwa pametulia kabisa.

Jioni umeme ukarudi. Nikaandika pon. NO DIALTONE.

Nilikata tamaa, na sioni haya kulisema. Mzee ndiye aliyeuliza: "Hilo kasha limetengenezwa kwa ajili ya nchi gani?" Nikaligeuza, chini limeandikwa maneno ya Marekani. "Basi linangoja mlio wa kwao," akasema. "Kila nchi ina mlio wake. Sisi tuliokuwa tunapokea simu za nje tulikuwa tunazijua nchi kwa milio." Nikakimbilia kurasa zangu 40. Ndivyo ilivyokuwa. Mlio wa laini wa Marekani ni sauti mbili zinazoimba pamoja, ya mitetemo 350 na ya mitetemo 440 kwa sekunde. Nchi nyingi nyingine hutumia sauti moja ya karibu 425. Kasha likisikia mlio lisioujua, linasema hakuna mlio. Na dawa yake imo humohumo: amri ya ATX3, yaani usingoje mlio, piga tu.

Nikaiongeza kwenye faili la kupigia. Taa ya OH ikawaka, tukasikia namba zikipigwa, kisha kengele ya upande wa pili, kisha mluzi mrefu. Mzee akainua kidole. "Huo ni wa mitetemo 2100. Unauambia mtambo uzime vizuia mwangwi, kwa sababu sasa haziongei sauti za watu." Ukafuata mkoromo. "Sasa zinapima laini. Zinaulizana inabeba nini." Alikuwa ameinama mbele ya kasha kama mtu anayemsikiliza mjukuu wake akisoma. Kimya. Taa ya CD, ile ya kuonyesha kwamba modemu ya upande wa pili inasikika, ikawaka na kubaki inawaka. CONNECT 31200: zimeungana.

Hakuna ukurasa uliofunguka.

Nilijaribu mpaka mjomba akasema tufunge, ni usiku na bili inakwenda. Kabla ya kuzima nilinakili kwenye daftari kila mstari ambao plog ilinionyesha. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, umeme hakuna kutwa nzima, nami nikakaa na daftari langu mlangoni penye mwanga. Jina na nenosiri vilikubaliwa. Tulipewa anwani. Halafu palikuwa na mstari niliokuwa nimeuruka usiku: mfumo ulisema tayari kuna njia kuu inayopitia eth0, yaani soketi ya waya wa mtandao wa ndani, na hautaibadilisha. Njia hiyo niliiweka mimi mwenyewe, siku nilipounga kompyuta mbili kwa waya ili zitumie printa moja. Niliiambia hii kwamba lango lake ni ile nyingine. Kwa hiyo modemu ilikuwa imefika kwa watoa intaneti wetu Dar es Salaam salama, na kompyuta yangu ilikuwa inaendelea kupeleka maombi yote kwa mwenzake wa pembeni, ambaye hakuwa na pa kuyapeleka.

Mama alikuja saa yake ileile. Safari hii sikusema bado. Nilimwambia akae. Mzee naye akaja, ingawa barua yake ilikuwa tayari tangu jana. Tulikaa watu wanne gizani. Mjomba alinunua karanga.

Saa moja na dakika chache taa ikawaka. Niliifuta ile njia kwa amri moja, nikaandika pon. Mluzi, mkoromo, kimya, CD. Ukurasa ukaanza kushuka polepole, mstari kwa mstari, na sanduku likafunguka. Barua tatu. Nilizifungua zote, kila moja kwenye dirisha lake, kisha nikaandika poff ili simu ikatike. Barua zilibaki kwenye kioo, na hapakuwa na dakika ya kumlipia mtu.

Nikamsomea. Sikuruka salamu hata moja. Kijana alikuwa ameugua homa, akapona. Barua ya tatu ilikuwa fupi: aliuliza kama kuna msiba nyumbani, mbona kimya. Mama akaniambia niirudie ya pili, pale anaposema amepona. Nikairudia. Akasema, "Tena." Nikairudia.

"Haya, andika," akasema. Akaanza na hali ya shangazi, akaja kwa majirani, akamaliza kwa mvua. Niliandika kila neno.

Nilipotaka kupiga ili niitume, mzee akaomba ningoje. Akavuta kiti chake mpaka karibu na kasha, akaegemeza sikio.

"Sasa," akasema.