Samahani ya yule mama

Wiki hii imejaa mambo, mkuu mpya ameripoti na mdogo wangu ametetea tasnifu yake akapita, lakini nikikaa peke yangu ninachokisikia ni sauti ya yule mama.

Mnajua tumeanza kuijaribu tovuti ya maktaba kwa wasomaji wenyewe. Tunamkalisha mtu mbele ya kompyuta, tunampa kazi ya kawaida, tunamwomba aseme kwa sauti kila anachowaza. Kabla hajaanza namwambia: "Tunaipima tovuti, hatukupimi wewe." Baada ya hapo nanyamaza. Siruhusiwi kumwonyesha njia, maana usiku akiwa kwake sitakuwepo.

Kazi yake ilikuwa kutafuta kitabu fulani cha ufugaji wa nyuki. Akaandika jina la kitabu kwenye kisanduku kilicho juu ya ukurasa wa mwanzo, polepole, bila kukosea hata herufi. Jibu likaja: hakuna kilichopatikana. Kisanduku kile hutafuta kurasa za tovuti tu, yaani matangazo, saa za kufungua, kanuni za kuazima. Katalogi, yaani orodha ya vitabu vyetu, ina kisanduku chake, huko ndani. Na kitabu kilikuwa rafuni, hatua chache nyuma ya kiti alichokalia.

"Unawaza nini, mama?"

"Nawaza kwamba hamna."

"Ungekuwa nyumbani ungefanyaje?"

"Ningezima. Ningejua maktaba haina." Kisha akanigeukia. "Samahani mwanangu, nimewapotezea muda. Mambo ya kompyuta siyawezi."

Siyawezi. Aliyeandika jina zima la kitabu kwa usahihi, mahali ambapo mtu yeyote angeliandika! Tulipomaliza nilimpeleka rafuni, akakishika kitabu, akaniuliza kwa upole kama kimeletwa leo. Nikamwambia kilikuwepo siku zote. Akaomba samahani tena.

Tangu shule ya ukutubi tunafundishwa kanuni tano za Ranganathan, mkutubi wa India, za mwaka 1931, na ya nne inatutaka tuokoe muda wa msomaji. Wa msomaji, si wetu. Halafu msomaji ndiye anayetuomba radhi. Nawaza ni wangapi wamezima kimyakimya wakiamini hatuna kitu, kisha wakaamini pia kwamba shida ni wao. Hao hawaandiki malalamiko. Kwenye takwimu za tovuti wanaonekana kama watu waliotembelea.

Jana nilipeleka rekodi ya jaribio lile kwenye kikao nikiwa nimejiandaa kwa ubishi. Mkuu mpya akauliza, kwa haki kabisa, mbona tumeita watu wachache hivyo. Nikamweleza hesabu aliyoitoa Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, mwaka 2000: ikiwa kila mtu hugundua takriban asilimia 31 ya matatizo, watano hufichua kama asilimia 85, na ni afadhali kupima watano, kurekebisha, kisha kupima wengine, kuliko kukusanya umati mara moja. Akaitikia kwa kichwa, ila sidhani kama hesabu ndiyo iliyomgusa. Kijana wetu wa mifumo, ambaye miezi yote hii amekuwa akisema watu watazoea, aliomba arudishiwe pale mama anaposema "ningezima". Akatazama. Akaomba tena.

Kufikia jioni alikuwa ameshatengeneza ukurasa wa majaribio: kisanduku kimoja, matokeo ya katalogi yanatangulia, kurasa za tovuti zinafuata chini. Na pale ambapo hakuna kitu kinachopatikana, ukurasa unakuelekeza kwa mkutubi wa zamu badala ya kukufungia mlango. Tulimwita mwanafunzi aliyekuwa akipita, akakipata kitabu papo hapo, hata hakuona kuna la kushangilia. Mimi nilishangilia moyoni mpaka nikatamani kumpigia yule mama simu. Bado mtu akikosea herufi moja katalogi inamkana, hilo linafuata, na safari hii hakuna aliyebisha nilipolitaja.

Nilirudi nyumbani mwepesi kabisa, nikamkuta Baba kaishika chupa ya dawa karibu na pua anajaribu kusoma dozi. Kupimwa macho bado anakataa, na Kaka anasema tusimsukume. Sasa zenyewe ni dawa za presha. Akizidisha tukiwa sote kazini?