Kunguru hawaujui mwaka wa fedha

Kila kelele za kunguru zinapozidi Dar es Salaam, swali linaloanza ofisini ni la sumu ya kuwaua: ipo? itatosha? Ningependa tuanze na jingine: mwakani nani atawahesabu?

Kunguru huyu wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka. Bara amezagaa, na Soko la Feri analijua kuliko wachuuzi.

Sumu yenyewe, DRC-1339, hutiwa kwenye vipande vya nyama. Haiui papo hapo. Hushambulia figo, ndege akafia mbali na chambo. Hapo ndipo ubora wake ulipo, maana kundi likiona mwenzao anagaragara kando ya nyama, litaisusa. Ila nyama isiyo na sumu itangulie siku kadhaa, saa ile ile, mahali pale pale, mpaka wazoee. Wenye haraka ya kufunga hesabu za Juni huiruka hatua hii, halafu wanalaumu dawa.

Mtego nao ni kizimba cha mbao na wavu, mtu anaingia wima. Juu huachwa mwanya wenye vijiti kama ngazi: kunguru hushuka amekunja mbawa, akitaka kuruka zinakwama. Ndani weka utumbo wa kuku, maji, kivuli, na kunguru wachache hai wa kuwaita wenzao. Mitego mingi hufa wikendi. Mhudumu hana posho, maji yanakauka, wale kunguru wa kuita wanakufa, linabaki banda. Waliokamatwa wauawe giza likiingia, wenzao wasione. Kunguru hukariri sura za watu. Kunguru mwenye kifua cheupe ni mwenyeji wetu, aachiwe.

Hesabu ifanywe jioni kwenye miti wanakolala, vituo vile vile kila mwezi, kabla na baada ya kampeni ya kuwaua. Bila hiyo ripoti itataja waliokufa tu, waliobaki hawajulikani. Na halmashauri zote tano za Dar es Salaam zihesabu siku moja, kwani kunguru anaweza kulala Kigamboni na kula Feri, kivuko hakimhusu.

Kazi hii iandikwe kwenye majukumu ya ofisa mmoja kila halmashauri, asihamishwe bila kukabidhi daftari. Akae kikao kimoja na watu wa taka kabla bajeti haijapelekwa: utumbo ukiendelea kumwagwa wazi, nafasi ya kila kunguru aliyeuawa itajazwa na kinda.